Nani Ashike Ufunguo? Ahadi za Dini Katika Kuundwa kwa Malaysia, 1963

Ndugu Mwenyekiti, mashekhe na wachungaji mliofika, walimu, vijana wetu wa sheria na siasa: assalaam alaykum, tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe.

Tumeombwa kuzungumza juu ya nchi zilizotoka mikononi mwa mkoloni zikaungana kuwa taifa moja, huku watu wake wakihofia hatima ya dini zao. Tumechagua Malaysia. Ni mbali na kwetu, lakini ilizaliwa tarehe 16 Septemba 1963, miezi saba tu kabla ya Muungano wetu wa tarehe 26 Aprili 1964. Tena kila hatua yake iliandikwa: nani aliomba nini, nani aliahidi nini, kipi kiliingia kwenye katiba, na kipi kilikuja kufutwa baadaye. Mtu anayetaka kuona ahadi ya dini inavyotungwa na inavyolegea atajifunza mengi hapo.

Tuseme mapema tunakoelekea. Wengi husimulia habari ya Malaysia kana kwamba watu wa Borneo walidanganywa, wakaingia kwenye muungano bila kinga yoyote. Hiyo si kweli. Wasiwasi wao ulisikilizwa, ukajadiliwa, ukaandikwa kuwa sheria. Kufuli liliwekwa mlangoni. Kosa lilikuwa katika kuamua nani ashike ufunguo.

Tuanze na waliokuwa wakiungana. Upande mmoja lilikuwepo Shirikisho la Malaya, lililopata uhuru tarehe 31 Agosti 1957. Lilikuwa na majimbo kumi na moja: tisa yenye masultani wake, na mawili, Penang na Malacca, yaliyokuwa makoloni kamili ya Uingereza. Upande wa pili zilikuwepo Singapore, iliyokuwa na serikali ya ndani tangu 1959, na nchi mbili katika kisiwa cha Borneo: Sarawak na Borneo Kaskazini, ambayo ndiyo Sabah ya leo. Hizo mbili zilifanywa makoloni ya Mfalme wa Uingereza mwaka 1946 tu. Kabla ya hapo Sarawak ilitawaliwa kwa zaidi ya miaka mia moja na ukoo wa Brooke, na Borneo Kaskazini ilikuwa mikononi mwa kampuni ya biashara. Brunei nayo ilialikwa, lakini Sultani wake hakutia saini. Mapato ya mafuta na nafasi yake miongoni mwa masultani wenzake vilikuwa kati ya mambo yaliyowashinda kuafikiana.

Katiba ya Malaya ilikwisha kusema neno juu ya dini kabla wengine hawajafika. Ibara ya 3 inasema Uislamu ndio dini ya Shirikisho, na kwamba dini nyingine zaweza kufuatwa kwa amani na utulivu mahali popote nchini. Ibara hiyo haikupatikana kirahisi. Tume ya Reid, iliyoandaa katiba, ilikuwa na wajumbe watano, na wengi wao hawakupendekeza kuwepo kwa dini ya taifa. Mjumbe kutoka Pakistan, Jaji Abdul Hamid, ndiye aliyetofautiana nao akataka iandikwe. Masultani wenyewe walisita, na sababu yao ilikuwa nzito: kila sultani ndiye mkuu wa dini ya Kiislamu katika jimbo lake, na walihofu kwamba dini ikipelekwa kwenye Shirikisho, mamlaka hayo yatawaponyoka. Ndipo ibara ikaongezewa maneno kwamba kila sultani anabaki na nafasi yake, na kwamba kwa Penang na Malacca, zisizo na sultani, mkuu wa dini ni Mfalme wa Shirikisho, ambaye masultani humchagua miongoni mwao. Sheria za Kiislamu za ndoa, talaka, mirathi na wakfu zikabaki kuwa kazi ya majimbo.

Ikafuata Ibara ya 11. Kila mtu ana haki ya kuamini, kufanya ibada na kueneza dini yake. Hakuna atakayelazimishwa kulipa kodi iliyotengwa mahsusi kwa dini isiyo yake. Kila kundi la dini laweza kuendesha mambo yake, kujenga shule na kumiliki mali. Lakini aya ya nne inaruhusu sheria ya jimbo kudhibiti uenezaji wa mafundisho ya dini miongoni mwa Waislamu. Kwa Wamalay, yaani wenyeji Waislamu wa Malaya, vifungu hivi vilikuwa sehemu ya mapatano yao na Wachina na Wahindi walioishi nao, yaliyofungamana na mambo ya uraia, lugha na ardhi. Kuvigusa kulimaanisha kuyafungua mapatano yote upya, na hakuna kiongozi wa Kuala Lumpur aliyekuwa tayari kufanya hivyo.

Waziri Mkuu wa Malaya, Tunku Abdul Rahman, alipotoa wazo la kuungana katika hotuba yake mjini Singapore tarehe 27 Mei 1961, watu wa Borneo walisoma katiba hiyo kwa macho mengine. Huko Waislamu hawakuwa wengi. Kwa sensa ya 1960, katika Sarawak walikuwa karibu robo ya watu wote, na katika Borneo Kaskazini hawakufika wawili katika kila watano. Waliobaki walikuwa Wakristo, Wachina wenye dini zao, na kundi kubwa mno la Wakadazan, Wadusun, Wamurut, Waiban na Wabidayuh walioshika dini za mababu zao. Shule nyingi zilikuwa za wamisionari. Kwa hiyo mtu alipoambiwa kwamba katika nchi mpya Uislamu utakuwa dini ya taifa, aliuliza maswali ya kawaida kabisa. Je, padri ataruhusiwa kubaki? Shule ya misheni itapata ruzuku? Kodi yangu itajenga msikiti katika jimbo lingine wakati kijiji changu hakina zahanati? Mimi nisiye Mwislamu wala Mkristo, sheria itanihesabu kuwa nani?

Kupima maoni hayo iliundwa Tume ya Cobbold mwanzoni mwa 1962: Lord Cobbold mwenyekiti, Waingereza wawili, na wajumbe wawili kutoka Malaya. Walizunguka Borneo kati ya Februari na Aprili, wakakutana na watu zaidi ya 4,000 na kupokea barua na maandiko yapatayo 2,200. Hesabu yao ndiyo inayonukuliwa hadi leo: theluthi moja waliutaka muungano kwa nguvu, theluthi moja waliutaka kwa masharti, na theluthi ya mwisho waligawanyika kati ya waliotaka uhuru kwanza na waliopenda Mwingereza aendelee. Kura ya maoni haikupigwa Sabah wala Sarawak. Tunalisisitiza hili kwa sababu kila ugomvi uliofuata umerudi hapo: masharti ya theluthi ile ya kati yaliwasilishwa na viongozi wa vyama, na mwananchi wa kawaida hakupata karatasi ya kura iliyoyataja.

Vyama vya Borneo Kaskazini viliyaandika masharti yao katika waraka wa tarehe 29 Agosti 1962, unaojulikana kama Hoja 20. Sarawak nayo ikaandika Hoja 18. Hoja ya kwanza kabisa ni ya dini. Ilisema hawana pingamizi Uislamu kuwa dini ya taifa la Malaysia, ila pasiwe na dini ya jimbo katika Borneo Kaskazini, na vifungu vya katiba ya Malaya vinavyohusu Uislamu visitumike huko. Tazameni ukarimu na uwazi wa ombi hilo. Hawakuwataka Wamalaya waifute Ibara ya 3. Walitaka mpaka uchorwe, Ibara hiyo ibaki upande wa pili wa bahari.

Sasa fuatilieni safari ya ombi hilo, maana lilipita karatasi nne kabla ya kuwa sheria. Karatasi ya kwanza ni hizo Hoja 20 zenyewe. Ya pili ni ripoti ya Kamati ya Serikali Mbalimbali, iliyoongozwa na Lord Lansdowne wa Uingereza na Tun Abdul Razak wa Malaya akiwa naibu wake, ikatolewa Februari 1963. Ya tatu ni Makubaliano ya Malaysia, yaliyotiwa saini London tarehe 9 Julai 1963. Ya nne ni Sheria ya Malaysia ya 1963, iliyobadilisha katiba ya Malaya ikawa katiba ya nchi mpya, pamoja na katiba za majimbo zilizoambatanishwa na Makubaliano.

Ombi lilibadilika katika karatasi ya pili. Kamati ilikubaliana kwamba Ibara ya 3 haitaguswa, itatumika nchi nzima. Badala ya mpaka ulioombwa, Borneo ikapewa kinga tatu, na kila moja ina ufundi wake.

Kinga ya kwanza ilikuwa ya fedha, katika Ibara ya 161C. Bunge la Shirikisho lisingeweza kupitisha sheria ya kutoa msaada maalumu wa fedha kwa taasisi za Kiislamu ndani ya jimbo la Borneo bila ridhaa ya Gavana wa jimbo hilo. Tena, ikiwa fedha za umma zimetumika kwa taasisi za Kiislamu katika majimbo mengine na si Borneo, basi jimbo la Borneo lirudishiwe kiasi cha uwiano uleule kwa ajili ya ustawi wa jamii. Chukueni mfano wa hesabu: kama Shirikisho limetumia shilingi 2 katika kila 100 ya mapato ya majimbo mengine kwa kazi hiyo, basi shilingi 2 katika kila 100 ya mapato yaliyotoka Sabah zirudi Sabah kila mwaka kwa kazi za ustawi wa watu wote. Hiki ni kifungu kilichotungwa na watu waliofikiri sana. Hakimnyimi Mwislamu msikiti wake, na hakimtozi asiye Mwislamu kwa ajili yake.

Kinga ya pili, Ibara ya 161D, ilihusu kuhubiri. Katika Malaya wingi wa kawaida katika baraza la jimbo ulitosha kupitisha sheria ya kudhibiti uenezaji wa dini miongoni mwa Waislamu. Kwa Borneo, katiba ya jimbo iliruhusiwa kudai kura nyingi zaidi, hadi theluthi mbili ya wajumbe wote wa baraza.

Kinga ya tatu ndiyo kufuli lenyewe, Ibara ya 161E. Inasema katiba ya Shirikisho isibadilishwe katika mambo ya dini, lugha na haki za wenyeji wa Borneo bila ridhaa ya Gavana wa jimbo husika. Juu ya hizo tatu, katiba za Sabah na Sarawak za 1963 hazikutaja dini yoyote kuwa dini ya jimbo.

Mpaka hapo mtu angesema kazi imefanyika vizuri. Basi tuangalie ufunguo. Gavana katika katiba ile hafanyi kwa matakwa yake. Hufuata ushauri wa baraza la mawaziri la jimbo. Kwa hiyo ridhaa ya Gavana ni ridhaa ya serikali iliyopo madarakani siku hiyo. Na theluthi mbili ya baraza ni theluthi mbili ya chama kilichoshinda uchaguzi uliopita. Watungaji walimfikiria adui mmoja tu, serikali ya Kuala Lumpur inayotaka kuingilia jimbo. Hawakufikiria siku ambayo serikali ya jimbo lenyewe itataka jambo hilohilo, au itakuwa imefungamana na Kuala Lumpur kisiasa kiasi cha kutoweza kusema hapana.

Kulikuwa na ulinzi mwingine ambao haukuandikwa popote kuwa ni ulinzi, nao ni idadi ya viti. Bunge la 1963 lilikuwa na wabunge 159: Malaya 104, Sarawak 24, Sabah 16, Singapore 15. Kubadilisha katiba kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote, yaani 106. Malaya peke yake ilipungukiwa na viti viwili. Mkononi mwa wale watatu wapya kulikuwa na uwezo wa kuzuia, ilimradi washikamane.

Tarehe 9 Agosti 1965 Singapore ikatoka. Sababu zake zilikuwa siasa za rangi, uchumi na ushindani wa vyama, na si mada yetu leo. Linalotuhusu ni hesabu. Viti vilibaki 144, na theluthi mbili ikawa 96. Malaya ilikuwa na 104. Kwa siku moja, bila mtu yeyote kugusa kifungu chochote cha dini, uwezo wa kuzuia ulitoweka. Sabah na Sarawak hazikuulizwa juu ya kutoka huko. Donald Stephens, kiongozi wa Wakadazan aliyekuwa waziri katika serikali ya Shirikisho, alitaka masharti ya muungano yaangaliwe upya, akapoteza uwaziri. Katika mapatano ya Borneo hapakuwa na neno lolote juu ya nini kifanyike mshirika mmoja akiondoka. Kwa maoni yetu hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote katika karatasi zote nne.

Yaliyofuata yalitokea ndani ya Sabah yenyewe. Waziri Kiongozi wake tangu 1967 alikuwa Mustapha Harun, mmoja wa viongozi wa vyama walioliingiza jimbo katika Malaysia. Aliamini kwamba dini moja na lugha moja ndizo zitakazowaunganisha watu wa Sabah. Mwaka 1969 aliunda jumuiya ya Kiislamu ya Sabah, nayo ikaendesha kampeni kubwa za kuwasilimisha watu vijijini. Katika uchaguzi wa jimbo wa 1971 viti vyote 32 vilipatikana bila kupingwa. Theluthi mbili ikawa haina maana yoyote. Serikali ilikuwa na baraza zima.

Hapo ndipo kinga moja ya Borneo ilipogeuzwa dhidi ya watu iliowekewa. Katika masharti ya 1963, Sabah na Sarawak zilipewa mamlaka juu ya uhamiaji, ili wasizidiwe na watu kutoka Malaya. Serikali ya Mustapha ikayatumia mamlaka hayohayo kukataa kuongeza vibali vya mapadri na wamisionari wa kigeni. Parokia nyingi zilibaki bila padri, maana mapadri wazalendo walikuwa wachache mno. Hakuna kifungu cha dini kilichovunjwa. Ibara ya 11 ilisimama palepale, na kila Mkristo alikuwa huru kusali, ila wa kumsomea misa hakuwepo.

Septemba 1973 katiba ya Sabah ikaongezewa kifungu kipya: Uislamu ni dini ya jimbo, na dini nyingine zaweza kufuatwa kwa amani. Hoja ya kwanza ya Hoja 20 ikafa kwa utaratibu halali kabisa, kwa kura za baraza la Sabah. Kisha mwaka 1976, Bunge la Shirikisho likapitisha marekebisho makubwa yaliyofuta Ibara za 161C na 161D, na kuziingiza Sabah na Sarawak katika Ibara ya 3, kwamba Mfalme awe mkuu wa dini ya Kiislamu huko kama ilivyo Penang na Malacca. Kinga ya fedha na kinga ya mahubiri zikaondoka pamoja. Marekebisho hayohayo yakayataja majimbo yote kumi na matatu katika orodha moja kwenye Ibara ya 1, na Borneo, iliyokuwa imetajwa peke yake kama mshirika, ikaonekana kuwa majimbo mawili kati ya kumi na matatu. Ibara ya 161E, lile kufuli, ilikuwepo wakati wote huo na ipo mpaka leo. Aliyepewa kazi ya kusema hapana hakusema.

Tusije tukawaonea watu. Mwislamu wa Sabah aliyeunga mkono mabadiliko ya 1973 aliona kwamba dini ya Shirikisho inapaswa kuwa dini ya kila sehemu yake, na kwamba shule za misheni zilipata upendeleo wa mkoloni kwa miaka mingi wakati madrasa haikupata kitu. Malalamiko hayo yalikuwa na msingi, na mkataba uliosikiliza hofu ya upande mmoja tu ungevunjika vilevile. Ndiyo maana tunaisifu 161C: ilikuwa njia ya kutoa haki kwa pande zote kwa hesabu inayoonekana, na ndiyo iliyostahili kulindwa kuliko zote.

Wazee wa bara la Sabah walikuwa na utaratibu wao wa kuthibitisha ahadi. Katika mji wa Keningau lilisimamishwa jiwe la kiapo, likazinduliwa na waziri wa Shirikisho tarehe 31 Agosti 1964. Limeandikwa mambo matatu: dini iwe huru Sabah, ardhi ya Sabah iwe chini ya serikali ya Sabah, mila za wananchi ziheshimiwe na kutunzwa na serikali. Kwa upande wao, wananchi wanaapa utii kwa serikali ya Malaysia. Mahakama haiwezi kulitumia jiwe hilo kubatilisha sheria. Hata hivyo ndilo hati pekee katika habari hii yote ambayo mwananchi asiyesoma katiba aliijua kwa moyo, na hadi leo wanasiasa wa Sabah hulitaja. Anayetunga mkataba wa nchi mbili aliangalie jambo hilo kwa makini: hati ambayo wananchi wenyewe wameishuhudia huwa na watetezi wengi kuliko ripoti ya kamati.

Sarawak ilipita njia nyingine. Haikuandika dini ya jimbo katika katiba yake, na mpaka sasa haina. Kwa sensa ya 2020 Wakristo huko ni karibu nusu ya watu wote. Mwaka 2017 serikali yake ilianzisha kitengo cha kushughulikia dini nyingine, kinachotoa fedha za jimbo kwa makanisa na mahekalu. Roho ya 161C imerudi kwa mlango wa bajeti, ila bajeti hubadilika kila mwaka.

Kuna njia moja zaidi ambayo ahadi hulegea, nayo ni ya kimyakimya. Desemba 1986 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Shirikisho ilitoa agizo la kuzuia maneno manne yasitumike katika maandiko ya Kikristo, mojawapo likiwa ni neno Allah, ambalo Wakristo wa Borneo wamelitumia katika Biblia zao za Kimalay kwa vizazi. Agizo la wizara si marekebisho ya katiba, kwa hiyo ridhaa ya Gavana haikuhitajika. 161E haikupata hata nafasi ya kufanya kazi. Mwaka 2008 mama mmoja wa Sarawak alinyang'anywa diski nane za mafundisho ya Kikristo uwanja wa ndege. Baadaye shehena za Biblia zikazuiwa bandarini, hadi serikali ilipotoa ufumbuzi wa hoja kumi Aprili 2011, kabla ya uchaguzi wa Sarawak. Kesi ya mama yule ilichukua karibu miaka kumi na tatu. Tarehe 10 Machi 2021 Mahakama Kuu iliamua kwamba agizo la 1986 halikuwa halali, na mwaka 2023 serikali ikaondoa rufaa yake. Kwa hiyo mkataba wa muungano unapolinda dini dhidi ya kubadilishwa kwa katiba peke yake, umelinda mlango wa mbele tu. Sheria ndogo, maagizo ya mawaziri, ushuru wa forodha na vibali vya kazi lazima vitajwe kwa majina.

Hapa kwetu wengi mtauliza sisi tulifanyaje. Hati za Muungano za Aprili 1964 zilikuwa na mambo 11 ya Muungano, na dini haikuwamo. Ilinyamaziwa, ikabaki kwa kila upande: Zanzibar ikaendelea na mahakama zake za kadhi. Orodha imefika mambo 22 sasa na dini bado haimo, na Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini ni nje ya mamlaka ya nchi. Kunyamaza nako kuna gharama yake. Zanzibar ilipojiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu Desemba 1992, suala liliangukia kwenye mambo ya nje, ambayo ni ya Muungano, na mwaka 1993 ikajitoa. Jambo la dini lilikuwa limevaa nguo za jambo la kidiplomasia, na hapakuwa na kifungu kilichoandaliwa kulipokea.

Lakini katika kuhesabu kura tumewapita wenzetu wa Malaysia. Ibara yetu ya 98 inadai kwamba baadhi ya mambo ya msingi ya Muungano yasibadilishwe mpaka ipatikane theluthi mbili ya wabunge kutoka Bara na theluthi mbili ya wabunge kutoka Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Hesabu ya namna hiyo haitegemei ukubwa wa upande wowote, na haiharibiki idadi ya viti ikibadilika. Kama kinga za dini za Borneo zingefungwa kwa hesabu ya namna hiyo, mabadiliko ya 1976 yangebidi yapate theluthi mbili ya wabunge wa Borneo wenyewe, hadharani, kila mmoja kwa jina lake. Bado wangeweza kukubali. Lakini ufunguo ungekuwa umegawanywa kwa watu arobaini badala ya kukaa katika ofisi moja ya Waziri Kiongozi. Sisi tungeenda mbele zaidi: kwa jambo la dini tungedai kura ya maoni ya upande husika, kwa sababu mbunge ana chama na chama kina kiongozi.

Kwa hiyo vijana mtakaokaa siku moja kwenye meza ya kuandika shirikisho, liwe la Afrika Mashariki au jingine, msikubali ombi la dini liingie kwenye chumba cha mazungumzo likiwa kauli ya jumla. Liandikeni kama ibara kamili, tayari kwa kutiwa saini, kwa sababu kila karatasi linayopita hulipunguza. Tenganisheni mambo yanayochanganywa chini ya neno dini: dini ya nchi, mkuu wa dini, fedha za umma, kuhubiri, mahakama za ndoa na mirathi, shule, vibali vya viongozi wa dini kutoka nje, na uingizaji wa vitabu. Kila moja lina mlango wake, na kila mlango unahitaji mtu wake wa kuridhia. Halafu kaeni na kalamu mhesabu viti mara kadhaa: washirika wote wakiwepo, kisha mmoja akiwa ametoka, kisha mwingine. Jimbo likipoteza uwezo wa kuzuia katika hesabu yoyote, andikeni kwamba kutoka kwa mshirika kunafungua upya masharti ya waliobaki.

Malaysia wenyewe wanaihangaikia hesabu hiyo sasa. Jaribio la kurudisha hadhi ya Sabah na Sarawak katika Ibara ya 1 lilishindwa Aprili 2019 kwa kupata kura 138 wakati 148 zilihitajika. Likafaulu Desemba 2021 kwa kura 199. Viti ndiyo kazi iliyobaki. Bunge lina wabunge 222: Sarawak 31, Sabah 25, na Labuan, iliyotengwa kutoka Sabah mwaka 1984, kiti kimoja. Jumla 57, na upande wa Malaya 165. Ili Malaya isiweze peke yake kufikisha theluthi mbili, na viti vyake vikibaki hivyohivyo, upande wa Borneo unahitaji viti 83, yaani 26 zaidi ya vya leo. Kuviongeza ni kubadilisha Ibara ya 46 ya katiba, na mabadiliko hayo yanahitaji kura 148, ambazo hazipatikani bila wale 165.